"Request" au "request for"? Kuchagua kati ya nomino, kitenzi na kivumishi katika Kiingereza cha kazi

Barua ya likizo inaanza "I request for leave". Tangazo kwenye mlango wa hoteli linasema "Cooker wanted". Kibao cha nyumba ya kupanga huko Kahawa West kimeandikwa "2 bedrooms house to let". Hakuna neno hata moja lililokosewa tahajia hapo, na kompyuta haitapiga mstari mwekundu chini ya lolote. Kosa lenyewe ni moja katika yote matatu: neno limepewa kazi ya jamaa yake. Kitenzi "request" kimechukua "for", kihusishi cha nomino "request". "Cooker", ambalo ni jina la jiko, limepewa cheo cha mpishi. "Bedrooms" nayo imebaki na alama ya wingi ilhali imeshahamia kwenye kazi ya kivumishi.

Aliyefika kidato cha nne amewahi kuambiwa aunde nomino kutokana na kitenzi. Kutoka "pika" tunapata mpishi, upishi, mapishi. Kila umbo lina sare yake. Ukilikuta peke yake ukutani unajua kama ni mtu au ni kazi. Kiingereza kinatumia "cook" kwa mtu na kwa kitendo: "The cook will cook". Kinachokuambia kazi ya neno ni mahali lilipokaa. Baada ya "the" ni nomino, baada ya "will" ni kitenzi. Kiingereza cha kale kilikuwa na sare pia: "lufu" ilikuwa nomino ya mapenzi na "lufian" kitenzi chake. Miisho hiyo ikalika kadiri karne zilivyopita, na leo yote mawili ni "love".

Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili huja na mazoea ya kutafuta kiambishi. Asipokiona, anakitia. Ndivyo "cook" linavyokuwa "cooker".

Nomino na kihusishi chake, kitenzi bila kihusishi

Tuanze na hapa kwa sababu ndipo barua nyingi za ofisini zinapoharibikia. Maneno mengi ya Kiingereza yana umbo moja, au yanayokaribiana, kwa nomino na kwa kitenzi. Nomino huhitaji kihusishi ili ifikie kitu inachokizungumzia. Kitenzi hukishika kitu hicho moja kwa moja. Yalinganishe:

| Likiwa nomino | Likiwa kitenzi |
|---|---|
| a request for leave | I request leave |
| a discussion about the budget | we discussed the budget |
| emphasis on hygiene | she emphasised hygiene |
| a demand for a refund | he demanded a refund |
| access to the file | I cannot access the file |
| a visit to the site | we visited the site |
| an order for ten chairs | we ordered ten chairs |
| a lack of funds | the project lacks funds |
| an answer to the letter | they answered the letter |
| contact with the supplier | contact the supplier |

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili kinafanya vivyo hivyo, na bado tunakosea. Tunasema "ombi la likizo", lakini "naomba likizo". Hakuna anayesema "naomba la likizo". Tunasema "majadiliano kuhusu bajeti", lakini "tulijadili bajeti". "Ziara ya kiwanda", lakini "tulizuru kiwanda". Ukishikwa na shaka kati ya "discuss" na "discuss about", jiulize ungesemaje kwa Kiswahili. Kama kitenzi cha Kiswahili kinakwenda moja kwa moja kwa yambwa, aghalabu na cha Kiingereza katika orodha hii kinafanya hivyo.

Mbona basi "request for" imeenea hivi? Mlango mmoja ni "ask for". "I ask for leave" ni sahihi, na "I request leave" ni sahihi. Mwandishi anayetaka kuonekana rasmi huondoa "ask", akaweka "request", akasahau kuondoa "for". Mlango wa pili ni nomino yenyewe, maana "my request for leave" ni sahihi kabisa na inasikika kila siku. Sikio limezoea maneno hayo mawili yakiandamana.

Kulirekebisha ni kazi ya sekunde tano. Tazama kushoto kwa "request". Ukikuta "a", "the", "my", "your" au "this", hiyo ni nomino, iache na "for" yake. Ukikuta "I", "we", "to", "would like to" au "am", hicho ni kitenzi; futa "for". Kubadilisha wakati hakuponyi kitu: "I am requesting for" ni kosa lile lile. Kipimo hiki hiki kinafaa kwa "demand", "access", "order", "visit" na "stress". "She stressed the point" ni kitenzi, "her stress on the point" ni nomino, na "she stressed on the point" si hiki wala kile.

Kuna vitenzi ambavyo hubaki na kihusishi chao hata vikigeuka nomino, na hivi ni vya kukariri tu: "apply for" na "application for", "complain about" na "complaint about", "rely on" na "reliance on", "respond to" na "response to". "Reply to" haibadiliki kabisa. Vingine hubadilisha kihusishi: "the result of the delay" ni tokeo la kuchelewa, lakini "the delay resulted in losses" ni kuchelewa kuliko­leta hasara. Na kuna "marry", ambalo linatutega kwa sababu Kiswahili kina "olewa na". Kitenzi hakitaki kihusishi, "she married him". Nomino inataka "to", "her marriage to him". Kivumishi pia kinataka "to", "she is married to him". "Married with" hutumika katika "married with two children", yaani ana ndoa na watoto wawili, si kwamba kaolewa na watoto.

Mkazo unaohama

Kiswahili huweka mkazo, au shadda, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila neno linatii. Mfano unaofundishwa shuleni ni "barabara": ukikaza "ba" ya pili unazungumzia njia ya magari, ukikaza "ra" ya kwanza unamaanisha sawasawa. Kwetu hilo ni neno la pekee linalotajwa kwa mshangao. Kwa Kiingereza ni utaratibu wa makumi ya maneno yenye silabi mbili. Nomino hukazwa mwanzoni, kitenzi mwishoni.

"REcord" ni rekodi, "reCORD" ni kurekodi. "PERmit" ni kibali, "perMIT" ni kuruhusu. "CONtract" ni mkataba, "conTRACT" ni kunywea au kuambukizwa ugonjwa. "IMport", "EXport", "CONflict", "OBject" na "PREsent" hufuata njia hiyo hiyo. "REfuse" ni taka zinazobebwa na lori, "reFUSE" ni kukataa. Mtu anayesema "reFUSE collection" kwenye mkutano wa wapangaji ametaja ukusanyaji wa kukataa.

Nomino na kivumishi pia hupokezana kwa mkazo. "CONtent" ni yaliyomo, ndiyo inayotengenezwa na vijana wa mitandaoni, na "conTENT" ni aliyeridhika. "INvalid" ni mgonjwa asiyejiweza, "inVALID" ni batili, kama namba ya siri iliyokataliwa na simu. "MInute" ni dakika, "miNUTE" ni kitu kidogo mno.

Usiipeleke kanuni hii kila mahali. "Report", "request", "reply", "support" na "control" hukazwa mwishoni zikiwa nomino na zikiwa vitenzi. "Comment", "visit", "offer" na "answer" hukazwa mwanzoni daima. Anayejaribu kusema "REport" ili ionekane nomino amejitungia kazi.

Kuna maneno ambayo hayahamishi mkazo bali hubadilisha sauti ya mwisho. Yale ya "-ate" yakiwa vitenzi humalizikia kwa "eit" iliyo wazi, na yakiwa nomino au vivumishi sauti hiyo hufifia. Wakili ni "advoket", kutetea ni "advokeit". "Graduate", "estimate", "duplicate", "separate" na "moderate" ni ndugu zake. Halafu kuna "s" inayogeuka "z": "use" ya nomino ina "s", ya kitenzi ina "z". "House" na "excuse" vivyo hivyo, na "close" ya kivumishi, yaani karibu, ina "s", ilhali ya kufunga ina "z".

Kwa anayeandika tu, sehemu hii yote haimgusi. Kwa anayejiandaa kwa mahojiano ya kazi au anayepokea simu za wateja, jozi kumi hivi zilizosemwa kwa sauti zinatosha.

Tofauti ya herufi moja

Kenya inafuata tahajia ya Uingereza, na huko nomino huandikwa kwa "c" na kitenzi kwa "s": "advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri. Hapa sauti inakusaidia. Katika "licence" na "license", "practice" na "practise", sauti ni moja na jicho ndilo lenye kazi. Njia rahisi ya kukumbuka: mwisho wa "advice" na "practice" mna "ice", barafu, kitu kinachoshikika kwa mkono. Kitu ni nomino.

Kinachochanganya ni maumbo yanayozaliwa na kitenzi, kwa sababu yanabaki na "s" hata yakikaa kwenye nafasi ya kivumishi au ya nomino. Leseni ya udereva ni "driving licence", lakini duka lenye kibali ni "licensed", na bodi inayotoa vibali ni "licensing board". Wakili ana "legal practice" kwa "c", ila cheti chake cha kila mwaka ni "practising certificate" kwa "s". Wamarekani wamerahisisha: "license" kwa kazi zote mbili na "practice" kwa kazi zote mbili. Kompyuta nyingi huja na Kiingereza cha Marekani tayari, kwa hiyo inaweza kukusahihisha kwa kukukosesha. Badilisha lugha ya programu iwe Kiingereza cha Uingereza kabla ya kuiamini. Na "advice" haina wingi: ni "some advice" au "a piece of advice", kamwe si "advices", ingawa "he advises" ni kitenzi halali.

"Affect" na "effect" ni jozi yenye madhara ya kifedha. Kwa kawaida "affect" ni kitenzi, kuathiri, na "effect" ni nomino, athari. Lakini "effect" ina kitenzi chake, maana yake kutekeleza, na ndicho wahasibu wanachokipenda: "Please effect payment by Friday" ni tafadhali lipa kufikia Ijumaa. Ukiandika "affect payment" umemwomba ayavuruge malipo.

Jozi nyingine za haraka, nomino ikitangulia: "proof" na "prove", kwa hiyo risiti ni "proof of payment", "belief" na "believe", "breath" na "breathe", "loss" na "lose". "Loose" ni kivumishi, kilicholegea, na ndiyo inayovamia nafasi ya "lose" kila siku.

Viambishi: mtu, kitu, sifa

Kiswahili kina m- kwa mtu, na kwa wengi "-er" ya Kiingereza ndiyo m- yao. Mara nyingi inakubali: "driver", "teacher", "cleaner". Inapokataa, inakataa kwa njia mbili. Kwanza, "-er" hutengeneza vyombo pia, na chombo kikishalichukua jina, mtu hulikosa. Ndiyo hadithi ya "cooker". Pili, maneno ambayo tayari ni nomino hayahitaji kuongezwa kitu. Anayetembeza watalii ni "guide", si "guider"; kocha ni "coach", si "coacher"; mlinzi ni "guard". Mwombaji wa kazi ni "applicant". Hakuna kanuni itakayokupa hilo, ni kamusi tu.

Kwa "-er" na "-ee", Kiswahili kinakupa jibu bure. "Employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa. "-ee" ni ile -wa ya kutendwa: "payee" kwenye hundi ni anayelipwa. Machache yanaasi; "attendee" na "retiree" ni wanaotenda wenyewe.

Kutendwa huko huko ndiko kunakoamua kati ya "-ed" na "-ing", na ukilielewa hili mara moja halikusumbui tena. Somo linachosha: "the lesson is boring". Wanafunzi wamechoshwa: "the students are bored". Anayesema "I am boring" amekiri kwamba yeye ndiye anayechosha watu. Katika barua ya kazi, "I am interested in the position" ni nimevutiwa na nafasi hiyo. "I am interesting" ni mimi navutia. Huenda ni kweli, lakini si mahali pake.

Vivumishi vinavyotoka kwenye shina moja ni vya kuchagua kwa maana, kwa sababu vyote viko kwenye kamusi. "Economic" ni ya uchumi, "economical" ni isiyomaliza hela: "economic policy", lakini gari lisilokula mafuta ni "economical". "Considerable" ni kubwa, "considerate" ni anayejali wengine. "Respectful" ni mwenye heshima kwa wengine, "respectable" ni wa kuheshimiwa, na "respective" haina heshima yoyote ndani yake, maana yake ni kila mmoja na chake. Anayefunga barua kwa "Yours respectively" amekosea mlango.

"Succeed" lina familia mbili kabisa. Kufaulu huzaa "success" na "successful". Kurithi nafasi au mali huzaa "succession", "successor" na "successive". Kesi ya mirathi Milimani ni "succession cause", na sheria yake ni Law of Succession Act, Sura ya 160. "Success cause" ingekuwa kesi ya mafanikio.

Vyote viwili vikiwa sahihi

Kuna wakati nomino na kitenzi vyote vinakubalika, na uchaguzi ni wa mtindo. Linganisha:

"We made a decision to carry out a review of the contract."
"We decided to review the contract."

Maneno 12 dhidi ya 6, na habari ni ile ile. Sentensi ya kwanza imegeuza vitenzi kuwa nomino, kisha ikalazimika kuajiri vitenzi hafifu, "made" na "carry out", vizibebe. Katika memo, baruapepe na wasifu wa kazi, chagua kitenzi: "Trained 12 clerks" linatembea kuliko "Responsible for the training of 12 clerks". Nomino inashinda kwenye vichwa vya vifungu vya mkataba, "Termination", "Payment", na kwenye ajenda, kwa sababu pale unataja jambo bila kusema nani atalifanya. Inashinda pia pale ambapo hutaki kumtaja aliyefanya. "A delay in payment" haimnyoshei mtu kidole, na wahasibu wanaijua siri hiyo.

Ofisi za Upper Hill na Westlands zina mtindo wa kinyume: vitenzi vinavyopachikwa kazi ya nomino bila kubadilika. "The ask" badala ya "the request", "an invite" badala ya "an invitation", "the spend". Si makosa ya sarufi. Kiingereza kimefanya hivyo tangu kilipopoteza miisho yake. Lakini "invite" ni ya mazungumzo. Kwenye kadi ya harusi au barua ya ubalozi, weka "invitation".

Nomino inapokaa mahali pa kivumishi

Turudi kwenye kibao cha Kahawa West. Kiingereza huweka nomino mbele ya nomino nyingine iwe kivumishi chake, na ikikaa hapo huvua "s" ya wingi, hata kama idadi ni kumi, kwa sababu kivumishi cha Kiingereza hakina wingi. Nyumba ina "two bedrooms", lakini ni "a two-bedroom house". Mtoto ana "ten years", hapana, hilo nalo ni Kiswahili chetu. Ni "ten years old", na akiwa na kistari ni "a ten-year-old boy". Noti ni "a 50-shilling note", warsha ni "a three-day workshop", matatu ni "a 14-seater matatu", na ikisimama peke yake ni "a 14-seater". Kistari kinaunganisha nambari na nomino. Pasipo nomino nyingine baada yake, kistari kinaondoka na "s" inarudi: "the workshop lasts three days".

Machache hubaki na "s" yao: "savings account" ya kwenye Sacco, "sports club", "customs officer", "goods train", "sales manager".

Mpangilio ndio wa mwisho wa kuangaliwa, na unakwenda kinyume na wetu. Kwetu kichwa hutangulia, kwao huja nyuma. Kampuni ya bima ni "insurance company". Bima ya kampuni ni "company insurance". Ukitafsiri, shika neno la kwanza la Kiswahili, liweke mwisho, kisha uondoe "ya". Kituo cha mabasi: "bus station", na "bus" hapo ni moja, hata kama ni stendi nzima ya Machakos Country Bus.